Wosia kama Chombo cha Tabaka: Makabaila wa Welisi na Urithi wa Ardhi

Utangulizi

Katika masomo ya siasa swali la mali huulizwa mara nyingi kwa upande mmoja tu: nani anamiliki? Swali la pili, ambalo ni pacha wa hilo la kwanza, husahauliwa: mwenye mali akifa, mali yake inakwenda wapi, na kwa amri ya nani? Kila tabaka linalotawala lina adui mmoja ambaye haliwezi kumfunga wala kumhonga. Adui huyo ni kifo. Kabaila anaweza kukusanya mashamba kwa miaka arobaini, kisha akafa kwa homa ya siku tatu. Kama tabaka lake halikutengeneza chombo cha kuivusha mali hiyo salama kutoka kizazi kimoja hadi kingine, jasho lote lililonyonywa litatawanyika. Kwa hiyo hatuwezi kusema tumelielewa tabaka lolote mpaka tumeelewa namna linavyorithisha.

Makala haya yanachambua chombo kimoja cha namna hiyo, yaani wosia, kama ulivyotumiwa na familia za makabaila wa Welisi. Welisi ni nchi ya milima iliyoko magharibi ya Uingereza. Ilitekwa na mfalme wa Uingereza Edward wa Kwanza katika vita vya 1282 na 1283. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, katika nchi hiyo tunaweza kuuona kwa macho mpito kutoka ardhi ya ukoo kwenda ardhi ya mtu mmoja, tena kwa tarehe zake. Pili, ushahidi umehifadhiwa. Maktaba ya Taifa ya Welisi iliyoko Aberystwyth inatunza wosia zaidi ya 190,000 za kabla ya mwaka 1858. Adui wa wakulima aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, jinsi alivyofanya kazi yake.

Ardhi ya ukoo

Kabla ya ushindi wa Waingereza, Wawelisi huru waliishi chini ya sheria inayohusishwa na jina la mfalme Hywel Dda, aliyefariki karibu na mwaka 950. Katika sheria hiyo ardhi ilikuwa ya kundi la ndugu wa baba mmoja wa zamani. Kundi hilo liliitwa gwely, neno ambalo kwa Kiwelisi maana yake ni kitanda. Waliozaliwa katika kitanda kimoja walikuwa na haki katika ardhi moja.

Baba alipofariki, ardhi iligawanywa sawa baina ya watoto wake wa kiume. Hata mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa alipata fungu lake, alimradi baba alikuwa amemkubali. Kitinda mimba alipewa nyumba ya baba pamoja na ekari chache zilizoizunguka, na vitabu vya sheria vinataja hata vyombo vyake: chungu kikubwa cha kupikia, shoka la kuni na chuma cha plau. Mgawanyo ungeweza kufanywa upya baina ya watoto wa ndugu, na mara ya tatu baina ya wajukuu wao. Baada ya hapo, basi.

Jambo la kuzingatia ni hili: chini ya sheria hiyo wosia wa ardhi haukuwa na nafasi. Mtu alikuwa mtunzaji wa ardhi katika muda wa uhai wake, na hakuwa na uwezo wa kumnyima mtoto wake, wala wa kumpa mgeni. Marehemu hakuwa na ulimi juu ya ardhi.

Hapa hatuna budi kuwaonya wanafunzi wetu wasikimbilie kusema kwamba huo ulikuwa ujamaa. Haukuwa. Mabinti kwa kawaida hawakurithi ardhi. Chini ya watu huru walikuwapo watwana waliofungwa kwenye ardhi na kuwafanyia kazi wakuu. Zaidi ya hayo, ndani ya koo huru zenyewe tofauti zilikuwa zimeanza kuota. Mafungu yaliyogawanywa kizazi baada ya kizazi yalizidi kuwa madogo, na mwenye kipande kidogo, mwaka wa njaa ulipomfika, hakuwa na pa kukimbilia. Kwa kuwa kuuza kulikatazwa, ilibuniwa njia ya kando iliyoitwa prid: ardhi iliwekwa rehani kwa miaka minne, na kama deni halikulipwa, rehani iliongezwa miaka minne mingine, na mingine tena, mpaka mwenye ardhi akasahaulika. Wale waliokuwa na fedha za kukopesha walikusanya vipande hivyo kimoja kimoja. Ndio hao waliokuja kuwa mababu wa familia nyingi za makabaila. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Kwa maneno mengine, sheria ya mshindi haikuliumba tabaka hilo kutoka hewani. Ililikuta likiwa limeanza kuzaliwa, ikalipa silaha.

Sheria ya mshindi

Silaha hiyo ilikuja kwa hatua. Mwaka 1284 mfalme Edward alitoa sheria kwa nchi aliyoiteka. Aliruhusu ugawaji wa ardhi baina ya watoto wa kiume uendelee, ila aliwaondoa waliozaliwa nje ya ndoa, na akawaruhusu mabinti kurithi pale wasipokuwapo wana. Hatua kubwa ilikuja zaidi ya miaka 250 baadaye, wakati wa Henry wa Nane. Kwa sheria za 1536 na 1543 Welisi iliunganishwa na Uingereza, ugawaji wa zamani ukafutwa, na ardhi ikaanza kurithiwa kwa taratibu ya Kiingereza: kifungua mimba wa kiume anachukua yote.

Kati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1540, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya wosia. Kwa mara ya kwanza mwenye ardhi aliruhusiwa waziwazi na sheria ya Bunge kuiusia ardhi yake kwa maandishi. Kwa ardhi iliyoshikwa kwa masharti ya utumishi wa kijeshi kwa mfalme, aliweza kuusia theluthi mbili, na kwa ardhi nyingine aliweza kuusia yote. Mwaka 1660 masharti hayo ya kijeshi yalifutwa, na kizuizi cha theluthi kikaondoka pamoja nayo.

Angalieni namna vipande hivi viwili vinavyofanya kazi pamoja. Taratibu ya kifungua mimba inaizuia ardhi isigawanyike kama marehemu hakusema neno. Wosia unampa marehemu uwezo wa kusema neno. Kimoja ni ukuta, kingine ni mlango wenye ufunguo, na ufunguo uko mkononi mwa mwenye mali. Sir John Wynn wa Gwydir (1553–1627), mmoja wa makabaila wakubwa wa kaskazini, aliandika historia ya familia yake. Humo aliulaani ugawaji wa zamani kuwa ndio ulioiangamiza Welisi, kwa sababu uliwashusha wajukuu wa wakuu wakawa wakulima wadogo. Kwa tabaka lake, mkulima mdogo mwenye kipande chake mwenyewe ulikuwa msiba. Hatuhitaji ushahidi mwingine wa itikadi yao.

Jinsi ya kuusoma wosia wa kabaila

Sasa tuutazame wosia wenyewe. Kwa kawaida ulianza na Mungu. Mtoa wosia alisema kwamba mwili wake ni dhaifu lakini akili yake ni timamu, akaikabidhi roho yake kwa Muumba, na akataja kanisa ambamo mwili wake uzikwe, mara nyingi kando ya mababu zake. Yalifuata mafungu ya sadaka: kiasi kidogo kwa kanisa kuu la jimbo, kiasi kingine kwa maskini wa parokia. Kisha mke, kisha watoto, kisha jamaa na watumishi: kitanda na matandiko yake kwa huyu, kikombe cha fedha kwa yule, farasi, ng'ombe, pete. Mwisho alitajwa msimamizi wa mirathi, na mashahidi wakatia sahihi. Kuanzia mwaka 1677 wosia wa ardhi ulilazimika kuwa wa maandishi na kushuhudiwa na watu wasiopungua watatu. Wosia ulipelekwa kuthibitishwa katika mahakama za kanisa, na mahakama hizo ndizo zilizoshika kazi hiyo mpaka mwaka 1858. Tajiri mwenye mali katika majimbo zaidi ya moja alipelekewa wosia wake mahakama ya askofu mkuu wa Canterbury.

Mambo matatu yanafaa kuangaliwa na mwanafunzi wa siasa.

Kwanza, lugha. Wakulima, watumishi, na kwa muda mrefu makabaila wenyewe, walisema Kiwelisi nyumbani. Lakini sheria ya 1536 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama na ya madaraka, na wosia karibu zote ziliandikwa kwa Kiingereza au Kilatini. Mtu alikufa kwa Kiwelisi, akarithiwa kwa Kiingereza. Kabaila aliyetaka mtoto wake ashike mali hakuwa na budi kumfundisha lugha ya hati. Hivyo chombo cha mali kilikuwa pia shule ya kuwatenga wakubwa na watu wao.

Pili, ukimya juu ya mrithi mkuu. Msomaji mgeni hushangaa kuona kifungua mimba akitajwa kwa mstari mmoja, huku wadogo zake wakijaza kurasa. Atadhani baba hakumpenda. Kinyume chake ndicho kweli. Mrithi mkuu alikuwa amekwisha kupewa ardhi yote kwa hati nyingine, ambayo tutaieleza hivi punde. Wosia ulishughulikia yale yaliyobaki. Anayehesabu mali ya kabaila kwa kusoma wosia peke yake ni kama anayepima kina cha ziwa kwa kutazama povu.

Tatu, ukimya juu ya wakulima. Katika wosia wa mwenye mashamba, mpangaji haonekani kama mtu. Anaonekana kama jina la shamba na kiasi cha kodi. Mtumishi wa ndani anaweza kupewa joho la msiba au mshahara wa mwaka, kwa sababu alionekana kila siku. Yule aliyelima milimani hakuonekana, ingawa vikombe vyote vya fedha vilitoka mikononi mwake.

Kuifunga ardhi

Uhuru wa kuusia ulikuwa na hatari yake kwa tabaka zima. Mrithi mlevi au mcheza kamari angeweza kuimaliza milki ya vizazi vitano. Kwa hiyo katikati ya karne ya 17 wanasheria wa London walibuni mfungo wa ardhi uliofanywa kwa hati, mara nyingi wakati wa ndoa. Tunaomba msomaji aufuate taratibu, maana ndio mtambo wenyewe.

Ardhi iliwekwa chini ya wadhamini. Baba alipewa haki ya kuitumia na kula kodi zake katika muda wa maisha yake tu. Baada yake ingekwenda kwa mtoto wake wa kwanza, hata kama mtoto huyo alikuwa bado hajazaliwa. Baba hakuweza kuiuza. Mtoto alipofika umri wa miaka 21 angeweza, akishirikiana na baba yake, kuufungua mfungo huo. Lakini kijana wa miaka 21 hana fedha mkononi. Baba alimwambia: tia sahihi tuifunge upya, nami nitakupa posho kila mwaka tangu leo. Kijana alitia sahihi, na yeye mwenyewe akageuka kuwa mtunzaji wa muda wa maisha. Mzunguko huo ulirudiwa kila kizazi. Milki haikuwa na mwenyewe kamili hata siku moja, na kwa sababu hiyohiyo haikumponyoka mtu.

Hati hiyo pia ilipanga posho ya mjane na mafungu ya fedha kwa wadogo: mahari ya mabinti, na kiasi cha kumwezesha kijana wa pili awe mwanasheria, mchungaji wa kanisa au ofisa wa jeshi. Mara nyingi wosia wa baba ndio uliotamka nani apate kiasi gani. Fedha hizo zilitoka wapi? Zilikopwa kwa kuweka ardhi rehani. Na riba ya rehani ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kodi. Na kodi ilitoka kwa mkulima mpangaji. Hapo ndipo pa kuielewa vizuri methali yetu: usione vyaelea, vimeundwa. Mahari ya binti wa kabaila, ambayo katika wosia inaonekana kama pendo la baba, ilikuwa mzigo uliowekwa juu ya mabega ya mtu aliyelima shamba ambaye hakualikwa harusini.

Hatusemi kwamba makabaila hawakuwapenda watoto wao. Waliwapenda. Mfumo wa kinyonyaji hauendeshwi na watu wasio na moyo. Unaendeshwa na watu wa kawaida, na pendo lao la kawaida linapitia katika mrija uleule wa kunyonya.

Mjane na uhuru wa mume

Wanaousifu uhuru wa kuusia husema kwamba ni haki ya kila mtu. Tuulize: uhuru wa nani? Sheria ya 1543 iliyofafanua ile ya 1540 ilitamka kwamba mwanamke mwenye mume hawezi kuusia ardhi. Aliwekwa orodha moja na watoto wadogo na wenye kichaa. Mwanamke aliweza kuusia akiwa hajaolewa au akiwa mjane. Hali hiyo ilibadilika kikamilifu kwa sheria ya 1882 ya mali za wanawake walioolewa.

Kwa upande wa mali zisizo ardhi, yaani mifugo, vyombo na fedha, palikuwa na desturi ya Welisi iliyowapa mjane na watoto fungu lao ambalo marehemu hakuweza kuligusa. Desturi hiyo ilikuwa mabaki ya mwisho ya wazo la zamani kwamba mali ya nyumba si ya mtu mmoja. Mwaka 1696 Bunge lilipitisha sheria mahsusi ya kuifuta. Tangu hapo mume aliweza kuusia mali hizo zote kama atakavyo. Tena kwa sheria ya 1660 baba aliweza kumtaja katika wosia mtu wa kuwalea watoto wake hata kama mama yao yu hai. Kwa hiyo kila "uhuru" ulioongezwa kwa mwenye mali ulipunguza haki ya mtu mwingine ndani ya nyumba hiyohiyo.

Kalamu ya wasio na watoto

Kila mfumo una mgongano ndani yake. Mfumo huu ulitegemea kuzaliwa kwa mtoto wa kiume kila kizazi, na maumbile hayasomi hati. Kuanzia mwisho wa karne ya 17 na katika karne ya 18, familia nyingi za makabaila wa Welisi ziliishiwa na wana. Ardhi ikaenda kwa mabinti walioolewa na wageni, au kwa yeyote aliyetajwa na kalamu ya marehemu. Tutatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni Wynnstay. Mwaka 1674 alifariki Sir Richard Wynn, wa ukoo wa Gwydir, akiacha binti. Mwaka 1678 binti huyo, Mary, aliolewa na Robert Bertie, wa familia kubwa ya Lincolnshire huko Uingereza, na mashamba ya Gwydir yakaondoka pamoja naye. Cheo kilikwenda kwa binamu, Sir John Wynn, ambaye kwa ndoa alikuwa amepata milki ya Watstay, akaiita Wynnstay. Yeye naye alifariki mwaka 1719 bila mtoto, akaiusia milki yake kwa jamaa yake, Watkin Williams. Mrithi huyo akaongeza jina la Wynn kwenye jina lake. Jina lilikuwa kama chapa ya ng'ombe: mwenye ng'ombe alibadilika, chapa ikabaki. Kwa urithi na ndoa za namna hiyo milki ya Wynnstay ilizidi kuvimba, na katika karne ya 19 ilikuwa na zaidi ya ekari 140,000, kubwa kuliko zote Welisi.

Mfano wa pili ni Golden Grove, katika wilaya ya Carmarthen. John Vaughan, wa mwisho katika familia yake, alifariki mwaka 1804 bila mtoto. Aliusia milki yote kwa rafiki yake, John Campbell, Lord Cawdor, wa ukoo wa Kiskoti. Wakulima wa mashamba hayo waliamka asubuhi wakiwa na bwana mpya. Hawakuuzwa, hawakushindwa vitani, wala hawakuulizwa. Karatasi moja ilitosha.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi. Richard Pennant, bwana wa Penrhyn huko kaskazini, alikuwa na machimbo ya mawe bapa ya kuezekea nyumba, na alikuwa na mashamba ya miwa Jamaika yaliyolimwa na Waafrika waliotiwa utumwani. Alifariki mwaka 1808 bila mtoto. Milki ilikwenda kwa jamaa yake George Hay Dawkins, aliyeongeza jina la Pennant. Katika urithi huo mlikuwa na milima, machimbo, miwa na watu. Utumwa ulipofutwa kwa sheria ya 1833, serikali ya Uingereza ililipa fidia. Haikuwalipa watumwa, iliwalipa waliowamiliki. Dawkins-Pennant alipata zaidi ya pauni 14,000 kwa watu 764. Wakati huo alikuwa akijenga kasri la Penrhyn, ambalo watalii hulitembelea hata leo. Mtu asiyeelewa kwa nini tunasema wosia ni chombo cha tabaka, na atafakari jambo hilo: mtu aliyeibwa Afrika aliweza kurithiwa na mtu ambaye hajapata kumwona, kwa sababu mwenzake alikufa bila mtoto.

Milki hiyo ilirithiwa tena, na mwaka 1900 wafanyakazi wa machimbo ya Penrhyn waligoma wakidai haki ya chama chao cha wafanyakazi. Mgomo ulidumu mpaka 1903, na wengi walishindwa kwa njaa. Bwana waliyepambana naye alikuwa ameipata nguvu yake kwa kurithi.

Mfumo ulivyovunjika

Urithi wa namna hii ulizaa pengo. Kufika karne ya 19 bwana wa ardhi alisema Kiingereza na kusali kanisa la serikali. Mpangaji alisema Kiwelisi na kusali katika makanisa ya watu. Miaka ya 1870 orodha rasmi ya wenye ardhi ilionyesha kwamba mamia machache ya watu walimiliki zaidi ya nusu ya nchi. Na wapangaji wengi walishika mashamba kwa mwaka mmoja mmoja tu. Baada ya uchaguzi wa 1859 huko Merioneth, wapangaji wa Wynnstay na wa milki jirani ya Rhiwlas waliokataa kumfuata bwana wao walifukuzwa. Mama wa Michael D. Jones alikuwa miongoni mwa waliopoteza shamba lao kwa Wynnstay, na mwanawe huyo akawa kiongozi wa mpango wa kuwahamishia Wawelisi Patagonia, Amerika ya Kusini, mwaka 1865. Waliofukuzwa 1868 walikuwa wengi zaidi. Kelele za wakulima ziliilazimisha serikali kuunda tume ya ardhi ya Welisi mwaka 1893.

Hatua zilizofuata ziliubomoa mtambo kipande kwa kipande. Sheria ya 1882 iliwaruhusu watunzaji wa muda wa maisha kuuza ardhi iliyofungwa. Mwaka 1894 ilianzishwa kodi ya mirathi, iliyofika asilimia 8 kwa milki kubwa kabisa. Mwaka 1919 ikafikishwa asilimia 40. Milki zilianza kuuzwa vipande vipande, hasa kabla na mara baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Taratibu ya kifungua mimba nayo ilifutwa kwa sheria za 1925.

Wapangaji wengi walinunua mashamba waliyolima. Je, walikombolewa? Kwa sehemu, ndiyo, na si haki kulidharau hilo. Lakini wengi walinunua kwa mikopo, bei za mazao zikaanguka baada ya 1921, na aliyekuwa akimlipa kabaila kodi akajikuta akiilipa benki riba. Kabaila aliondoka na fedha zake akaziweka katika hisa. Ukabaila uliubadilishia ubepari mikono.

Mafunzo

Historia hii inatufundisha mambo manne.

Kwanza, hakuna taratibu ya urithi iliyo ya maumbile. Kile ambacho Mwelisi wa 1750 alikiona kuwa desturi ya milele kilikuwa na umri wa miaka 200 tu. Kilichowekwa na sheria kinaweza kuondolewa na sheria.

Pili, kugawa sawa baina ya warithi si sawa na usawa. Ukoo wa Welisi uligawa sawa baina ya wana, na bado watwana na mabinti waliachwa nje, na rehani ikawala wadogo. Swali la msingi si jinsi wenye mali wanavyogawana baina yao. Swali ni nani anayelima, na matunda ya kazi yake yanakwenda wapi. Kada anayebishana juu ya mafungu ya warithi bila kuuliza juu ya mpangaji, anabishana ndani ya nyumba ya kabaila.

Tatu, tutazame haki ya mjane na mtoto. Sheria ya 1696 ilivaa vazi la uhuru, lakini iliwanyang'anya wasio na sauti. Kila mara tunaposikia neno "uhuru wa mwenye mali", tuulize ni nani anayelipia uhuru huo.

Nne, tuilinde misingi tuliyoiweka. Umilikaji wa ardhi usio na mwisho, mzizi wa wosia wote tuliousimulia, uliletwa Tanganyika na wakoloni, nasi tuliugeuza mwaka 1963 ili ardhi ibaki ya umma. Hata hivyo haki ya kuitumia ardhi hurithiwa na kuusiwa. Kwa hiyo kazi haijaisha. Kada anapokaa na wanakijiji kusikiliza shauri la mirathi asidhani kwamba anasuluhisha ugomvi wa ndugu tu. Katika baraza hilo dogo, kwa shamba la ekari tatu na mjane mmoja aliyekaa pembeni, ndipo inapoamuliwa kama ardhi itabaki kwa wanaoilima au itaanza tena safari ya kwenda kwa wachache.